Taa Haitoi Ushahidi Peke Yake: Kutambua Taa za Kiwandani za Camaro ya 1967 hadi 1969

Ndugu Mwenyekiti, mafundi wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze juu ya taa, ingawa najua wengi wenu mngependa zaidi kusikia habari za injini. Injini ina wasemaji wake wengi, na kila anayeuza gari la kale amekwisha kujifunza kuzitaja namba zilizogongwa kwenye bloku. Taa hazijapata bahati hiyo, na ndiyo maana zinawaponza watu. Sisi tunaofanya kazi katika karakana za hapa Ohio, na hasa sisi ambao mteja hutujia akisema kwa Kiswahili, "Fundi, nitazamie gari hili kabla sijatoa hela," tunalijua jambo lenyewe: gari la Kimarekani la miaka ya 1960 linauzwa kwa bei ya juu kwa sababu taa zake kubwa zimefichwa nyuma ya vifuniko, muuzaji anaapa kwamba lilitoka hivyo kiwandani, na mnunuzi hana njia ya kuujua ukweli ila kwa kuyategemea macho yetu.

Magari ninayoyasemea ni yale ya umbo la wastani yaliyotiwa injini kubwa, ambayo Wamarekani wenyewe huyafananisha na mtu aliyejaa misuli. Ni mengi, na leo nitashikilia moja tu, Chevrolet Camaro ya 1967, 1968 na 1969. Kwanza, ni mzaliwa wa jirani, kwa kuwa nyingi ziliundwa katika kiwanda cha Norwood, mji mdogo uliozungukwa na Cincinnati, kiwanda ambacho kilifungwa mwaka 1987. Nyingine ziliundwa Van Nuys, California. Pili, na hili ndilo zito zaidi, kumbukumbu za kiwandani za kila gari moja moja lililouzwa Marekani hazikuhifadhiwa, kwa hiyo Camaro humlazimisha fundi kusoma bati, waya na matundu kama vile karani anavyosoma faili.

Nyongeza ya kiwandani iliyoleta vifuniko hivyo vya taa iliitwa Rally Sport, yenye msimbo Z22, na mwaka 1967 mnunuzi aliilipia dola 105.35. Kati ya Camaro 220,906 za mwaka huo, 64,842 ziliagizwa nayo, yaani karibu tatu katika kila kumi. Mwaka 1969 idadi ilishuka hadi 37,773. Ninazitaja hesabu hizi ili mwone kwamba Rally Sport si kitu adimu kama wauzaji wanavyotaka tuamini. Ila ni kitu kinachopendwa, na kinachopendwa huigizwa. Naomba pia tusiichanganye na SS, yaani Super Sport, nyongeza nyingine ambayo ilihusu injini na mwendo, ilhali Rally Sport ilihusu taa na mapambo. Gari moja liliweza kuwa na zote mbili, na likiwa nazo zote, nembo za SS ndizo zilizopewa nafasi ya mbele. Kwa hiyo nembo iliyo katikati ya grili, au sho kama wanavyoiita mafundi wengi wa kwetu, haiwezi kukuambia kama vifuniko vya taa vilivyo kando yake ni vya asili au vilifungwa na mtu juzi.

Tuanze na yale yanayoonekana, kisha tuyaache. Camaro ya kawaida ya 1967 ina taa kubwa mbili zilizo wazi, indiketa zake za mbele za duara ziko ndani ya grili, na taa za rivasi ziko ndani ya taa za nyuma. Katika Rally Sport, taa kubwa zimefunikwa, indiketa zimeshushwa chini ya bampa ya mbele, taa za nyuma zimeachwa ziwe nyekundu tupu, na taa za rivasi zimehamishiwa chini ya bampa ya nyuma. Mwaka 1968 mpangilio huo uliendelea, isipokuwa indiketa za gari la kawaida ziligeuka kuwa za mstatili. Mwaka 1969 bodi ilibadilishwa, taa ya nyuma ikagawanywa sehemu tatu, na tofauti ikawa rahisi kuiona: katika gari la kawaida sehemu ya kati ni nyeupe kwa ajili ya rivasi, na katika Rally Sport sehemu zote tatu ni nyekundu. Vifuniko vya mbele vya 1969 navyo vilitiwa vioo vyembamba vitatu kila kimoja, ili mwanga upate pa kupita hata kifuniko kikigoma kufunguka.

Hayo yote anayajua anayeigiza. Anayajua kuliko sisi, kwa sababu ana katalogi ya vipuri mezani, na kwa Camaro vipuri vipya vya kuigiza vinapatikana karibu vyote, hata bodi nzima ya bati. Jambo ambalo watu husahau ni namna gari hili lilivyoundwa. Sehemu ya nyuma ya Camaro, kuanzia ukuta unaotenganisha injini na abiria, ni bodi iliyochomelewa pamoja. Lakini sehemu ya mbele, pamoja na mbawa, grili na kipande kilicho chini ya bampa, imefungwa kwa bolti juu ya fremu fupi ambayo nayo imefungwa kwa bolti. Uso mzima wa Rally Sport unaweza kutolewa kwenye gari lililogongwa nyuma na kuvalishwa gari lingine, na mafundi wawili wenye spana nzuri wataimaliza kazi hiyo mwishoni mwa juma moja. Hata kile kipande cha chini ya bampa ya nyuma, ambamo taa za rivasi za Rally Sport hukaa, kimefungwa kwa bolti. Ndiyo kusema kwamba kila taa ambayo mnunuzi anaionyeshea kidole akiwa amesimama mbele au nyuma ya gari imekaa mahali panapofunguka. Mimi nikiitwa kukagua Rally Sport, taa naitazama mwisho.

Natazama kwanza nguvu inayovifungua vifuniko, kwa sababu hapo ndipo mwaka na mfumo vinapoachana. Katika gari la 1967 vifuniko viliendeshwa kwa mota za umeme, zikiwa na relei zake na swichi ndogo za kukata umeme kifuniko kinapofika mwisho wa safari. Mwaka 1968 kiwanda kiliachana na mota na kuhamia kwenye mvuto wa hewa unaotoka katika manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini, na mfumo huo ukabaki hadi mwisho wa 1969. Mvuto wa hewa una vifaa vyake ambavyo havifanani na vya umeme hata kidogo: mpira unaotoka kwenye manifoldi, vali ya njia moja inayozuia mvuto usipotee injini inapozimwa, tangi dogo la akiba, vali ya kugawa, na kwenye kila kifuniko kikombe chenye kiwambo ndani kinachovuta fimbo. Swichi ya taa ndani ya dashibodi pia ni tofauti, kwa kuwa ya Rally Sport ya 1968 na 1969 haiwashi umeme tu bali ina midomo ya kuunganishia mipira ya hewa.

Naomba tukae kidogo kwenye swichi hiyo. Ikiwa swichi iko ndani ya dashibodi na vikombe viko mbele ya rejeta, basi mipira ya hewa haina budi kuvuka ukuta wa injini, na inavuka kwenye tundu. Uso wa gari hubadilishwa kwa bolti, lakini ukuta wa injini umechomelewa, na tundu lake haliwezi kuazimwa kutoka gari lingine. Tundu la kiwandani lilipigwa kwa mashine kabla bati halijapakwa rangi: kingo zake ni laini, rangi ya awali imeingia mpaka ndani ya ukingo, na kizibo chake cha mpira kimekaa sawasawa kwa sababu vipimo vililingana. Tundu la drili huwa na makali upande inakotokea, chuma chake kilichobaki wazi hushika kutu ukingoni, na mara nyingi kizibo kimelegea au kimegundishwa kwa gundi ili kisianguke. Mpakaji rangi hodari anaweza kuificha dalili moja kati ya hizo. Kuzificha zote, na upande wa ndani pia, chini ya zulia na sufi ya kuzuia joto, ni kazi ambayo waigizaji wengi huiona haina faida.

Hapa lazima nikiri kosa langu mwenyewe, kwa maana nililipia somo hili, au tuseme mteja wangu ndiye aliyelilipia. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukagua gari la 1968, nikafungua boneti, nikaona mota mbili ndogo za umeme zikivisukuma vifuniko, nikasema mara moja kwamba gari ni la kuigiza, kwa kuwa mwaka 1968 hapakuwa na mota. Mteja akaondoka. Aliyelinunua baadaye aliling'oa zulia na kukuta tundu safi la kiwandani, kizibo chake cha asili, na kipande cha mpira mkavu kilichokatwa na kuachwa humo. Gari lilikuwa Rally Sport halisi. Mwenye gari wa zamani alichoshwa na mipira inayovuja, akanunua vifaa vya kisasa vya umeme, ambavyo wengi huvifunga kwa sababu hiyo hiyo, na akavitupa vya asili. Kwa hiyo kifaa kisicho cha asili hakimaanishi gari si la asili, kama ambavyo kifaa cha asili hakimaanishi gari ni la asili.

Baada ya ukuta wa injini nafuata nyaya, na nyaya nazifuata hadi nyuma. Fungu la nyaya la kiwandani, ambalo kwa magari ya General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, lilitengenezwa na tawi lake la Packard Electric la Warren, humu humu Ohio, lilifika kiwandani likiwa kamili: kila tawi lina urefu wake, kila ncha ina soketi yake, na utepe wa plastiki umezungushwa kwa mfuatano mmoja. Katika Rally Sport, tawi la taa za rivasi linateremka hadi chini ya bampa ya nyuma. Katika gari la kawaida linaishia kwenye taa za nyuma. Mtu aliyegeuza gari la kawaida hulazimika kurefusha waya huo, na urefusho huonekana: utapata kiungio, rangi ya waya iliyobadilika njiani, au utepe mpya unaonata mahali ambapo utepe wa zamani umekauka. Fungua buti, inua mkeka, na ufuate waya wa rivasi kwa kidole. Ni kazi ya dakika tano, na mimi huipenda kuliko kipimo kingine chochote cha nyuma, kwa sababu anayeigiza huwekeza fedha zake mbele, mahali picha zinapopigwa.

Sasa vioo vyenyewe. Lenzi za taa za Marekani zina maandishi madogo, na katika magari ya General Motors mara nyingi utasoma jina Guide, ambalo ndilo tawi lililotengeneza taa hizo mjini Anderson, Indiana. Karibu nalo kuna herufi SAE, za chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, na herufi nyingine zinazoeleza kazi ya taa: T ni taa ya nyuma, S ni taa ya breki, I ni indiketa, P ni taa ya kuegesha, R ni rivasi, A ni kiakisi mwanga. Mtu akikuonyesha taa ya nyuma yenye kioo cha rivasi, herufi R inapaswa kuwapo. Na akikuonyesha taa ya rivasi ya chini ya bampa isiyo na maandishi yoyote, ana kipuri cha kuigiza mkononi, hata kama kimefungwa kwenye gari halisi. Baada ya herufi huja tarakimu mbili, na hapa watu wengi huteleza. Tarakimu hizo zinahusu muundo ambao taa ilitengenezwa kuufuata, si siku ambayo kioo kilitoka kwenye kalibu, kwa hiyo lenzi iliyotengenezwa miaka mingi baadaye kama kipuri halali inaweza kubeba tarakimu zile zile. Maandishi ya kioo yanaweza kulikanusha dai la muuzaji. Kulithibitisha ni shida.

Taa kubwa zenyewe nitazipitia haraka. Ni za duara, kipenyo cha inchi 7, kioo na kiakisi vikiwa kitu kimoja kilichozibwa, na zile za General Motors za wakati huo zina pembetatu ndogo katikati yenye maandishi T-3. Wakarabati huzitafuta kwa bidii na hulipa vizuri. Lakini taa ya namna hiyo ikiungua hutupwa nzima, na gari lililotembea miaka kumi halikosi kuwa limebadilishiwa, kwa hiyo kukosekana kwa T-3 hakusemi lolote, na kuwapo kwake kunasema tu kwamba mwenye gari ana mapenzi na fedha. Hata hizo zimeigizwa.

Kuhusu taa za ubavuni, kuna kanuni moja iliyo rahisi na yenye nguvu. Serikali ya Marekani ilitaka magari yaliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1968 yawe na taa au viakisi ubavuni, vya rangi ya machungwa mbele na vyekundu nyuma, na kuanzia tarehe 1 Januari 1970 yawe na vyote viwili. Camaro za 1968 zilitoka nazo, za 1967 hazikuwa nazo. Camaro inayoitwa ya 1967 ikiwa na taa kwenye mbawa za mbele, basi mbawa hizo ni za gari lingine, na hapo ndipo unapoanza kuuliza ni vitu gani vingine vilivyokuja pamoja nazo. Kwa kuwa sheria ya mwanzo iliruhusu kuchagua, viwanda havikufanana: Dodge Charger ya 1968 ina taa ndogo za duara ubavuni, na ile ya 1969 ina viakisi vya mstatili visivyo na balbu. Nimewahi kumwona fundi akitafuta kwa saa nzima waya wa taa ambayo haijawahi kuwa taa.

Nyongeza ambazo mimi huziamini zaidi ni zile ndogo ambazo hakuna anayezitamani. Mnunuzi wa Chevrolet aliweza kuagiza kundi la taa za ziada, msimbo ZJ9, zikiwa pamoja na taa ya kisanduku cha glavu, ya kisahani cha majivu, ya buti na ya chini ya boneti. Ile ya chini ya boneti ni kifaa cha werevu: swichi yake ni kichupa chenye zebaki, na boneti ikiinuliwa, zebaki huteremka na kuunganisha umeme, pasipo kitufe cha kubonyeza. Mtu anayejenga gari la kuigiza ili aliuze kwa bei kubwa hatumii jioni yake kutoboa tundu la taa ya majivu ya sigara. Kwa hiyo nikiikuta taa hiyo imekaa mahali pake, waya wake ukitoka ndani ya fungu la asili, naanza kuamini kwamba dashibodi na nyaya za gari hilo hazijachezewa, na imani hiyo naipeleka hadi kwenye swichi ya taa kubwa iliyo ubavuni mwake.

Mwaka 1969 palikuwa na mbili zaidi zinazostahili kutajwa. Ya kwanza ni viosha taa, msimbo CE1, ambavyo katika Rally Sport vilikuja pamoja na nyongeza yenyewe na katika gari la kawaida viliagizwa peke yake. Hivi hurushia maji kwenye taa kubwa, na mipira yake huanzia kwenye mfumo wa kuoshea kioo cha mbele. Rally Sport ya 1969 isiyo na dalili yoyote ya mipira hiyo imepotezewa kitu njiani, au haikuwa Rally Sport. Ya pili ni U46, ambayo huwashangaza vijana wanaodhani nyuzi za mwanga ni uvumbuzi wa enzi ya intaneti. Nyuzi nyembamba za plastiki zilitoka ndani ya nyumba ya kila taa hadi kwenye vijitundu vya kuonea ambavyo dereva aliviona akiwa kitini. Taa ikiwaka, mwanga wake wenyewe ulisafiri ndani ya uzi na kung'aa machoni pake, na ikiungua, palibaki giza. Hakuna umeme unaopita ndani ya uzi huo. Basi mtu akikuonyesha vijitaa juu ya mbawa na kuviita U46, fungua nyumba ya taa kwa nyuma: ukikuta balbu ndogo na waya badala ya uzi, umekwisha kupata jibu.

Ndugu Mwenyekiti, nimeulizwa kabla ya kupanda hapa kwa nini tusisome tu namba ya chesisi. Kwa Camaro ya 1969, namba inayoanza na 124379 inatuambia kwamba ni Chevrolet, ni Camaro ya silinda nane, ni ya paa gumu, ni ya mwaka 1969. Herufi N inayofuata ni Norwood, na L ni Van Nuys. Hapo imekwisha. Rally Sport haimo, SS haimo. Kibao cha bodi kilicho kwenye ukuta wa injini kinataja rangi, viti, kiwanda na wakati wa kuundwa; cha 1967 kilibeba pia misimbo michache ya nyongeza, na cha Norwood cha 1969 kina misimbo inayoanza na herufi X inayohusu mapambo na injini, lakini Rally Sport ya 1969 haikupewa msimbo wake hapo. Ushahidi bora wa karatasi ni ile karatasi ya maagizo ambayo wafanyakazi waliifuata walipokuwa wakiliunda gari, ambayo wakati mwingine husahaulika juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za viti. Msiitafute kwa pupa. Ni karatasi iliyokaa mahali pa unyevu kwa zaidi ya nusu karne, na nimeona moja ikigeuka unga mkononi mwa mtu aliyekuwa akipiga kelele za furaha.

Kwa Camaro ya 1969, kuna hali ambapo kibao kinazungumza kwa sauti juu ya taa. Camaro lilipochaguliwa kuongoza mbio za Indianapolis 500 mwaka 1969, Chevrolet iliuzia umma magari 3,675 ya nakala, yote ya paa la kukunja, meupe yenye mistari ya machungwa, kwa msimbo Z11, na msimbo huo umegongwa kwenye kibao. Kila Z11 ililazimika kuwa SS na Rally Sport kwa pamoja. Gari lenye Z11 kwenye kibao na taa zilizo wazi limepoteza uso wake. Na gari jeupe la paa la kukunja lenye mistari, vifuniko na viti vya machungwa, lakini kibao chake hakina Z11, limepakwa rangi.

Wale mnaopokea Ford na Chrysler mna kazi nyepesi kwa upande wa karatasi, na nitasema machache tu. Kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia magari ya 1967 zipo, na Marti Auto Works hutoa ripoti ya gari moja moja kwa malipo. Magari ya Chrysler yana kibao chenye misimbo ya nyongeza, na ukikuta L31 kwenye gari la 1970, indiketa ndogo zilizo juu ya boneti au mbawa ziliagizwa kiwandani. Pontiac Firebird, ndugu wa Camaro, naye ana kumbukumbu zake kwa Pontiac Historic Services, na Camaro zilizouzwa nchini Kanada zikiwa mpya zinaweza kuulizwa kwa General Motors ya huko. Shida inabaki kwa Ford Mustang ya GT ya 1965 na 1966, ambayo taa zake mbili za ukungu ndani ya grili zimeigizwa kuliko pengine taa nyingine yoyote ya Kimarekani. Kibao cha mlango wake hakitaji GT. Lakini nyongeza hiyo, iliyoanza Aprili 1965, iliambatana na injini mbili tu, zenye herufi A na K katika namba ya gari. Taa za ukungu na nembo za GT kwenye gari lenye herufi C au T zimefungwa na mtu mwingine, na huna haja ya kuinama.

Nitaje pia Shelby ya 1967, yaani Mustang iliyoboreshwa na kampuni ya Shelby, kwa sababu inatukanya tusiwe wakali kupita kiasi. Gari hilo lina taa mbili za ziada ndani ya grili. Katika baadhi ziko katikati zikigusana, na katika nyingine zimetenganishwa kuelekea pembeni, kwa kuwa sheria za baadhi ya majimbo hazikukubali taa zikaribiane hivyo. Zote mbili ni za asili. Taa zake za nyuma si za Mustang bali za Mercury Cougar, nazo ni za asili. Na magari ya mwanzo yalikuwa na taa nyekundu ndani ya mianya ya juu ya ubavu wa nyuma, ambazo ziliachwa baadaye mwaka huo huo. Mtu aliyekariri picha moja ya kitabuni angelikataa gari halali kwa sababu halifanani na picha.

Nimepewa ishara kwamba muda unakwisha. Nje, upande wa kulia wa jengo, kuna Camaro ya 1968 ambayo mwenyewe ametuachia kwa mchana huu, na hajaniambia kama ni Rally Sport halisi au la, nami nimemwomba asiniambie. Vifuniko vimefungwa na vitabaki vimefungwa. Tochi zipo kwenye sanduku karibu na mlango, zulia la upande wa dereva limekwisha kukunjwa, na naomba tuanzie hapo, wawili wawili, kichwa chini ya dashibodi.